Mlipuko wa Sita

Sijawahi kumwomba mtu radhi kwa ajili ya saa hii, na sitaanza leo kwa sababu nimezeeka. Iko mkononi mwangu ninapoandika. Kioo kina mkwaruzo upande wa kushoto, mkanda wa ngozi ni wa tano au wa sita, na kila asubuhi nikishakunywa chai naitia ufunguo mpaka ikaze, kama nilivyofanya kabla wajukuu wa mdogo wangu hawajazaliwa. Wao wana simu. Wananiuliza, bibi, unang'ang'ania nini na dude hilo. Nawaambia wanyamaze.

Niliipata Shinyanga mjini, miaka ile ya baada ya vita, wakati askari walikuwa wanarudi makwao kidogo kidogo na madukani hakuna sabuni. Nilikuwa nauza maandazi karibu na stesheni ya reli. Nilikuwa nimeachika mwaka uliotangulia, sina mtoto, na mama yangu alikuwa ameshachoka kunitafutia mume mwingine. Siku hiyo akaja askari mmoja wa mizinga, kwao Singida, nauli imemwishia. Alikuwa ametoka kwenye duka la saa, na mwenye duka alikuwa ameicheka saa yake na kumrudishia. Wakati ule watu walitaka saa nyembamba za rangi ya dhahabu, za kumeremeta mtu akinyoosha mkono. Hii ilikuwa ya chuma tupu, nene, na ubavuni ilikuwa na vitufe viwili, kimoja juu ya ufunguo na kimoja chini yake. Mgongoni imechorwa nyota na maandishi ya kigeni ambayo mpaka leo sijapata mtu wa kunisomea.

"Dada, hii si saa ya tajiri," akaniambia. "Ni saa ya kazi. Imetengenezwa kwa ajili ya wanajeshi, ndiyo maana na bei yake ni ya mwanajeshi."

Akanionyesha. Ukibonyeza kitufe cha juu, mshale mwembamba mwekundu unaanza kukimbia peke yake, na saa yenyewe inaendelea na shughuli zake. Ukibonyeza tena, unasimama. Ukibonyeza cha chini, unarudi mahali pake. Ndani ya uso wa saa mlikuwa na visaa viwili vidogo, na kimoja kilihesabu dakika mpaka thelathini. Kule vitani, alisema, waliutumia mshale huo kujua adui yuko mbali kiasi gani: unaona mwanga wa mzinga, unabonyeza, unasikia mshindo, unabonyeza tena, sekunde zinakuambia umbali. Mbali kule relini kulikuwa na mafundi wanagonga chuma kwa nyundo. Akaniambia nibonyeze nyundo ikishuka, nibonyeze tena nikisikia. Nyundo ilishuka, pakawa kimya, halafu sauti ikaja. Mshale ulikuwa umevuka sekunde moja. Nilicheka kwa sauti pale pale stesheni. Miaka thelathini nimeishi duniani na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sauti inachelewa njiani.

"Na kombora lisipolipuka je?" nikamuuliza.

Hapo uso wake ulibadilika. "Hapo husogei. Unaiacha saa ikimbie mpaka mshale wa dakika umalize mzunguko wake wote. Nilikuwa na rafiki ambaye hakungoja."

Nilimpa nauli yake, nikamfungia na maandazi ya njiani. Mama aliponiona nimeivaa alishika kiuno. "Saa ya kiume, tena ya askari! Watu watasema nini?"

"Waseme tu, mama. Mradi wasije kuniuliza ni saa ngapi."

Walikuja wote kuniuliza.

Nyarugusu nilikwenda kwa sababu ya mdogo wangu. Ndiye kitinda mimba wetu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama alipokuwa sokoni, na alipotimiza miaka ishirini alisikia habari za dhahabu akaondoka bila kuaga. Mama hakulala vizuri tangu siku hiyo. Mwisho akaniambia niende nikamrudishe, na kama hataki kurudi, basi nikae karibu naye, asifie porini peke yake. Nikapanda lori la mizigo na masufuria yangu matatu. Tukapita Kahama, tukapita Segese, Bugarama tukakwama kwenye tope nusu siku, na nilipofika sikumtambua. Alikuwa mwekundu kwa vumbi toka kope hadi kucha. Alifurahi kuniona kwa muda wa dakika moja, kisha akasema, "Dada, usije ukasogea kwenye mashimo. Hapa mwanamke hapiti kichuguu kile."

Kichuguu chenyewe kilikuwa kirefu kuliko mtu, katikati ya vibanda na machimbo. Upande wa huku tulikaa sisi: wapishi, wauza pombe, wasuka mikeka, wake za watu na wasio wake za mtu. Upande wa kule yalikuwa maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, na huko mwanamke hakanyagi. Walisema dhahabu ikimwona mwanamke inakimbilia chini zaidi. Na ikiwa mwanamke yumo katika siku zake, basi ndiyo balaa kabisa. Shimo alilolikaribia haliingiliki tena mpaka aitwe mganga, achinjwe mbuzi mweusi, wachimbaji wote wanyunyiziwe dawa. Niliwauliza mbona dhahabu hiyo hiyo ikiwa shingoni mwa mwanamke haikimbii. Wakaniambia nisiulize. Nilikasirika, lakini nilikuwa mgeni na nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mtu mmoja tu, kwa hiyo nikajenga jiko langu upande wa huku, nikaanza kupika.

Saa ya askari ikageuka saa ya wali. Maji yakikauka napalia makaa juu ya mfuniko, nabonyeza kitufe, na mshale mdogo ukifika kumi na tano naipua. Wachimbaji walicheka mpaka wakakohoa. "Mama ntilie anapikia mzinga!" Lakini walikuja kula kwangu, kwa sababu wali wa jirani yangu siku moja ulikuwa uji na siku ya pili ulikuwa mkaa.

Katika waliokuja kula alikuwamo fundi baruti wa duara la mdogo wangu. Mzee wa Tabora, Mwislamu kama sisi, wa umri wa marehemu baba yangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," na kila asubuhi alinijibu "Marahaba" huku akiangalia sufuria. Mwaka mzima hakuwahi kuniangalia usoni. Sikumchukia kwa hilo. Nilimwamkia kwa sauti kubwa zaidi.

Kazi yake niliijua kwa kuisikia. Wachimbaji walitoboa matundu sita kwenye mwamba, kule chini, kwa nyundo na moko, yaani patasi ndefu ya chuma. Yeye alishuka peke yake akajaza baruti, akakata tambi sita, kila mmoja ukiuzidi uliotangulia kwa shubiri moja, ili matundu yasilipuke kwa pamoja. Akaziwasha kwa sigara yake, akapanda juu bila haraka, akakaa nyuma ya kifusi kumalizia ile sigara. Sigara ndiyo iliyokuwa saa yake. Alijua ikifika wapi tundu la kwanza litalia na ikifika wapi la sita litalia. Wenzake wao walihesabu kwa vidole tu, wakipiga kelele kwa Kisukuma, na wakifika sita wanaanza kufunga kamba.

Mimi upande wa pili wa kichuguu nilikuwa namhofia mdogo wangu. Mwanzoni nilibonyeza saa ili mkono uwe na kazi ya kufanya. Tundu la kwanza likilia nabonyeza, kisha naangalia mshale. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuona mpango. Kati ya mlipuko na mlipuko zilipita sekunde ishirini na tano. Mara nyingine ishirini na nne, mara nyingine ishirini na sita, lakini shubiri ya yule mzee haikuwa na mzaha. Kutoka la kwanza mpaka la sita ni dakika mbili na sekunde chache. Nikawa naichora hesabu hiyo kwa mkaa kwenye nguzo ya kibanda, siku baada ya siku, na sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mdogo wangu alikuwa hata hapendi wenzake wajue kwamba nilikuja kumchunga.

Sasa lilikuwapo duara la jirani, hatua thelathini tu kutoka kwao. Mashimo yote mawili yalikuwa yanafuata mshipa mmoja wa dhahabu, na sheria ya pale ilikuwa fupi: atakayeutoboa kwanza ndiye mwenyewe, wa pili anageuza njia. Mwenye duara la mdogo wangu alikuwa Msukuma mfugaji, mtu mzima, mpole akiwa ameshiba. Alikuwa ameuza ng'ombe karibu wote ili kulifungua lile shimo, na wake zake walikuwa wamemwambia akirudi mikono mitupu asirudi. Wiki ile walishaanza kusikia nyundo za jirani kupitia ukuta wa mwamba. Kila mtu alikuwa hasemeki.

Na ulikuwa mwezi wa Ramadhani.

Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndipo kila kitu kilipotokea. Yule fundi alikuwa amefunga. Mfungaji havuti sigara mchana. Tambi aliziwasha kwa kipande cha kamba ya katani iliyokuwa inafuka, na alipopanda juu alikaa nyuma ya kifusi mikono mitupu. Mwezi ule hakuwa na saa. Alibaki na vidole kama wenzake, na vya upande mmoja vilikuwa vitatu.

Mimi asubuhi ile sikuwa nimefunga. Nilikuwa katika siku zangu, na mwanamke akiwa hivyo anakula, hilo halina ubishi. Nilikunywa chai yangu mbele ya watu, nikaonja chumvi ya maharage mbele ya watu, na yule mzee alipopita na kuniona na kikombe mdomoni aligeuza uso. Wachimbaji wengine walinitania, "Leo mama umehama dini?" Nikawaambia waulize wake zao.

Saa nne hivi nikasikia filimbi ya baruti. Nikafuta mikono, nikakaa kwenye kigoda, kidole juu ya kitufe. La kwanza likalia. Nikabonyeza. La pili, sekunde ishirini na tano. La tatu, arobaini na tisa. Kisha mshale ulipofika hamsini na nane, pu!

Nikasimama. Haikuwezekana. Shubiri ya mzee haikuwahi kuwa ya sekunde tisa.

Mshale ukaendelea. Dakika moja na sekunde kumi na nne, likalia moja, mahali pake hasa. Dakika moja na thelathini na tisa, likalia jingine, mahali pake hasa. Na kule ng'ambo nikawasikia wanaume wanashangilia kwa pamoja, "Itandatu!" Sita. Walikuwa wamehesabu sita. Nikaangalia mshale ukielekea dakika mbili na sekunde nne, mahali pa tundu la mwisho. Ukafika, ukapita. Kimya. Dakika mbili na nusu. Kimya.

Nilielewa kama vile mtu amenimwagia maji. Wale jirani walikuwa wamepasua jiwe kwa baruti moja. Mshindo ukitoka chini ya ardhi hausemi umetoka shimo gani. Wetu walikuwa wamehesabu mlipuko wa jirani kama wa kwao, na tundu lao la sita lilikuwa bado limekaa kule chini na baruti yake, likimngoja mtu wa kulipigia moko. Na mtu wa kwanza kushuka, siku zote, kwa kuwa ndiye mwepesi kuliko wote, alikuwa mdogo wangu.

Nilikipita kichuguu nikikimbia. Saa sikuisimamisha. Nyuma yangu wanawake walipiga kelele kama wameona nyumba inaungua, na mbele yangu wanaume waligeuka wote kwa pamoja. Mdogo wangu alikuwa ameshafunga kamba kiunoni na kitambaa kibichi puani. Siku hiyo mwenye duara alikuwa amekataa hata kungoja moshi upungue.

"Asishuke mtu," nikasema. "Yamelia matano. Moja lilikuwa la jirani."

Wakacheka, lakini si kicheko cha kwenye wali. Mwenye duara akanyoosha fimbo kunionyesha nilikotoka, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, rudi. Rudi sasa hivi."

"Saa yangu inaonyesha. La nne mlilolisikia halikulia kwa wakati wake."

"Saa hiyo ni ya kupikia," akasema fundi baruti. Sauti yake ilikuwa kavu kwa swaumu. "Mimi nimefanya kazi hii kabla hujazaliwa. Nimesikia sita."

"Umesikia sita, mzee. Na mimi nimesikia sita. Nakuuliza, sigara yako leo ilifika wapi?"

Nilimwona akiangalia vidole vyake, mara moja tu, kisha akaangalia pembeni. Alijua nasema nini. Lakini watu kumi na wawili walikuwa wanamtazama akiulizwa na mwanamke, tena mwanamke aliyenywa chai asubuhi, na hilo lilikuwa zito kwake kuliko baruti.

Mdogo wangu akanijia karibu akaninong'oneza. "Dada, unaniaibisha. Nyundo zao tunazisikia. Wakitutangulia tumekwisha. Nakuomba." Kisha akaugeukia mdomo wa shimo na kushika kamba.

Nilikuwa nimemaliza maneno. Nilikuwa na saa mkononi inayosema kweli, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuiamini. Basi nikafikiri: hawa hawaamini saa, wanaamini nini? Jibu nilikuwa nalo mwilini mwangu.

Nikampita mdogo wangu kwa bega, nikakaa juu ya mbao za mdomo wa shimo, miguu ikining'inia ndani. Moshi wa baruti ulinipanda chini ya kanga. Nikasema kwa sauti ambayo jirani pia waliisikia: "Leo sijafunga. Mmeniona nyote asubuhi nakunywa chai. Muulizeni huyu mzee, Mwislamu mwenzangu, mwanamke anakula mchana wa Ramadhani kwa sababu gani. Niko katika siku zangu. Na nimekaa hapa. Haya, ashuke anayetaka kushuka."

Hakuna aliyehitaji kumuuliza mzee. Walirudi nyuma kama nimeshika nyoka. Mdogo wangu aliiachia kamba ikaanguka. Mmoja alitema mate kifuani mwake kujikinga na balaa, mwingine alianza kulia, na mtu mzima akilia kwa ajili ya shimo humjui ufanyeje. Mwenye duara aliinua fimbo, akaja hatua tatu, akasimama hapo hapo. Hakuweza kunipiga, maana angenigusa. Hakuweza kunivuta, maana angenigusa. Mwiko wao wenyewe ulikuwa umenijengea ua.

"Umeniua," akasema. "Mayu, umeniua. Ng'ombe wangu wote wamo humo."

Nilimwonea huruma, na nasema kweli, lakini sikuinuka. Niliweka mkono juu ya goti nikaangalia kisaa kidogo. Dakika tano. Dakika nane. Matusi niliyotukanwa pale sikuyasikia tena maishani, na mengine yalikuwa na ufundi. Dakika kumi na saba. Nyundo za jirani zilisikika chini ya miguu yangu, ko, ko, ko, zikikaribia mshipa, na kila zikilia watu wangu walinilaani upya. Mdogo wangu alikaa chini na kufunika uso. Dakika ishirini na nne. Mgongo ulikuwa unaniuma, na nilikuwa nimekalia baruti na nilijua nimeikalia. Mshale mdogo ulipomaliza mzunguko wake nikabonyeza kitufe cha juu, nikainuka, nikajikung'uta vumbi. Kazi ya saa ilikuwa imekwisha. Kazi ya mwiko ndiyo ilikuwa inaanza, kwa sababu mganga alikaa mbali na asingefika kabla ya kesho yake.

Jioni ile jirani waliutoboa mshipa. Tulisikia vigelegele vya kiume, ngoma, risasi moja ya gobore. Upande wetu hakuna aliyewasha moto. Watu wa duara wakaja kibandani kwangu wakanimwagia maharage, wakavunja kigoda, na mwenye duara akasema nitoe mbuzi mweusi wa kusafisha shimo kisha nisionekane tena Nyarugusu. Nikamwambia mbuzi sitoi. Akachukua sufuria langu kubwa. Alisahau kwamba nalo lilikuwa la mwanamke.

Mdogo wangu alikuja akasimama mlangoni. "Umenifilisi mbele ya watu," akasema. "Miaka miwili nimekula vumbi, umeniharibia kwa nusu saa."

"Uko hai."

"Ningekuwa hai hata hivyo! Yalikuwa sita, dada. Sote tumesikia."

Akaondoka. Hilo liliniuma kuliko yote, liliniuma kuliko kuachwa na mume, na nililia mpaka nikachoka. Lakini hata katika kulia sikuwaza kwamba nimekosea. Niliangalia alama zangu za mkaa kwenye nguzo, ishirini na tano, ishirini na nne, ishirini na sita, na nikajua.

Kesho yake nilifunga mizigo, nikakaa kando ya barabara, mbele kidogo ya kichuguu, kungoja lori lolote la kwenda Kahama. Kule ng'ambo mganga alikuwa amefika. Niliona moshi wa dawa, nikasikia mbuzi akilia kisha akinyamaza. Walikuwa wanalisafisha shimo wapate kwenda chini kutafuta makombo, na tundu la sita lilikuwa bado limo; nilichobaki nacho ni kumwomba Mungu mdogo wangu asitangulie. Wanawake wenzangu walipita bila kunisalimia. Nikaitia saa ufunguo, maana asubuhi ilikuwa imepita sijafanya hivyo, na jua likapanda.

Hapo ndipo nikamwona yule fundi baruti anakuja. Alikuwa ametoka shimoni, tope mpaka kifuani, na nyuma yake alifuata mdogo wangu, na nyuma ya mdogo wangu watu wengine wanne au watano wakitembea polepole. Baadaye mdogo wangu alinisimulia. Dawa ilipokwisha, mzee alikataa mtu mwingine yeyote ashuke wa kwanza. Hakutoa sababu. Alishuka peke yake na taa, akayapapasa matundu yale kwa mkono wenye vidole vitatu, moja baada ya jingine. Matano yalikuwa yamepasuka. La sita lilikuwa zima, udongo wa kuzibia bado umo mdomoni, na utambi wake ulikuwa umekatwa katikati na jiwe lililoanguka. Lilikuwa usawa wa kifua cha mtu, mahali hasa ambapo mdogo wangu huanzia kupiga moko.

Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Niliona tu mzee anakuja, na nikajiandaa kwa matusi mengine. Akafika mbele yangu. Akafungua kiganja, akaniwekea mapajani kipande cha utambi, upande mmoja mweusi wa kuungua, upande mwingine mweupe, mzima. Nyuma yake mdogo wangu alikuwa analia waziwazi bila kujifuta, na watu wale wengine walikuwa wamesimama wanaangalia chini.

Mzee akavua kofia yake. Akachuchumaa palepale vumbini, mtu wa umri wa baba yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaniangalia usoni.

"Shikamoo," akasema.

Watu wote walisikia. Nilijua adabu inavyotaka: ningeshtuka, ningemshika mkono, ningesema la, mzee wangu, mimi ndiye wa kukuamkia. Kila kitu nilichofundishwa na mama kilikuwa kinanivuta nifanye hivyo. Nikaushika ule utambi, nikanyoosha mgongo.

"Marahaba," nikaitikia.